Sanduku la makufuli matatu: tathmini yangu ya kikoba baada ya mizunguko mitatu

Nianze na sanduku lenyewe, maana ndilo kila mgeni anayepita kwenye kikao cha kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, huliulizia. Ni la bati zito, rangi ya bluu, dogo kuliko tranka la mwanafunzi wa bweni. Mbele lina makufuli matatu. Ndani kuna mifuko miwili ya kitambaa aliyotushonea mwanachama mwenzetu, mwekundu wa mfuko wa jamii na mweupe wa fedha za mikopo. Kuna madaftari 28, bakuli mbili za plastiki za kuhesabia pesa, kikokotoo, mhuri wa umbo la nyota, na pedi ya wino wa zambarau ambayo kila kiangazi inakauka tunaitia maji. Fundi wa Iringa mjini alitutoza shilingi 85,000 mwanzoni mwa 2022. Makufuli tulijinunulia wenyewe.

Kama unataka kuagiza la kwenu, makufuli yasikushughulishe sana, angalia bawaba. Kikundi cha kijiji jirani kilinunua makufuli makubwa ya kutisha, na mwizi hakuyagusa. Bawaba zilikuwa zimefungwa kwa skrubu kwa nje, akaja na bisibisi, akalifungua sanduku kwa mgongoni. Asubuhi walikuta makufuli yote matatu yako mahali pake, yamefungwa barabara, yanalinda madaftari. Letu bawaba ziko ndani na zimechomelewa. Fundi alinung'unika kwamba kazi inaongezeka, tukamwongeza 5,000, na sijawahi kuona elfu tano iliyotumika vizuri kuliko hiyo.

Funguo hukaa kwa wanachama watatu ambao si viongozi. Sanduku hulala kwa mweka hazina, ambaye hana hata ufunguo mmoja. Mpango ni mzuri mpaka mtu apate msiba. Desemba 2023, siku ya mgao, yaani ya kugawana akiba na faida ya mzunguko wa mwaka, mwenye ufunguo wa pili alikuwa Mufindi kwenye maziko ya shangazi yake, na ufunguo kaufunga kwenye pindo la khanga. Simu yake haipatikani. Watu 27 tumekaa tangu saa tatu asubuhi, kila mmoja ana orodha yake ya sikukuu kichwani, mwingine kashaahidi sare za shule, mwingine kashakopa mchele kwa ahadi ya saa sita. Saa tisa alasiri tukamwita kijana wa kuchomelea mageti, akaja na msumeno wa chuma, kufuli la 12,000 likaenda. Mwenzetu aliporudi tukampiga faini ya kutokuwepo bila taarifa. Alilipa, ila akauliza kama marehemu naye alitakiwa kutoa taarifa. Tangu hapo kila ufunguo una msaidizi wake.

Sisi tuko wilaya ya Kilolo, ukishuka bondeni kutoka Ilula kwenye barabara kuu ya Iringa na Morogoro. Ukipita pale kwa basi umeona nyanya zilizopangwa kando ya lami mpaka dirishani. Hizo ndizo maisha yetu, na ndizo zilizonipeleka kikoba.

Mwishoni mwa 2021 alikuja mwezeshaji, dada mmoja mwenye bango kitita na sauti ya kuwafikia watu wa nyuma. Shirika lililomtuma lilikuwa na mradi wa wanawake wa vijijini. Alitusimulia kwamba mtindo huu ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa wanawake waliokuwa wakisaidiwa na shirika la CARE, na kwa Kihausa ukaitwa Mata Masu Dubara. Bibi mmoja akauliza hao wanawake wa Niger wanalima nini. Mtama na karanga, akajibiwa. Bibi akatikisa kichwa, akasema kama wa mtama wameweza basi wa nyanya hatuna kisingizio. Nadhani kikundi chetu kilizaliwa kwenye jibu hilo kuliko kwenye bango kitita.

Jambo moja linanifanya nilipende shirika lile: halikutia hata shilingi sandukuni. Dada alitufundisha kwa miezi michache, akaanza kukaa nyuma akituangalia, akaanza kuruka wiki, mwishowe akaja kwenye mgao wa kwanza kama mgeni. Nimeona vikundi vilivyoanza kwa fedha ya mfadhili. Fedha ile huitwa "ya mradi", na ya mradi hairudishwi. Yetu kila noti unajua imetoka kwa nani, nyingine zina harufu ya dagaa.

Kikao ni kila Jumatano saa tisa, barazani kwa kanisa. Tuko 28, wanawake 24 na wanaume wanne. Tunakaa kwa namba. Mimi ni namba 11. Hisa moja ni 2,000, na kwa kikao unaruhusiwa kununua kuanzia moja hadi tano. Unaitwa namba, unakwenda mbele, unahesabu pesa yako kwa sauti huku unaitumbukiza bakulini, wahesabuji wawili wanairudia, katibu anakugongea nyota kwenye daftari, nyota moja kwa hisa moja. Ukinunua tatu, nafasi mbili zilizobaki zinapigwa mstari hapohapo ili mtu asije akajiongezea nyota nyumbani. Sio kwamba ungeweza, madaftari hayatoki sandukuni. Mfuko wa jamii ni 500 kila mmoja, wa ugonjwa na msiba. Kuchelewa faini 500, simu kulia 1,000, kutokuwepo bila taarifa 2,000. Mwenyekiti ndiye anayeongoza kwa faini za simu.

Mwisho wa kikao katibu anasoma salio la kila mfuko mara mbili, na sote tunalikariri. Wiki inayofuata, kabla ya kufungua sanduku, mtu yeyote anaweza kunyooshewa kidole: salio lilikuwa kiasi gani? Yule bibi aliyeuliza habari za Niger hajui kusoma. Katika mizunguko mitatu hajakosea hata mara moja. Katibu amekosea mara nne, na kila mara bibi alimsahihisha bila kuinua macho kutoka kwenye ukili anaosuka.

Sasa hesabu, maana tathmini bila hesabu ni sifa tu.

Riba yetu ni 5% kwa mwezi na unakopa hadi mara tatu ya akiba yako. Mwaka wa kwanza, mwishoni mwa Aprili, nilikuwa na hisa 45, yaani 90,000. Nikakopa 250,000 kwa miezi mitatu, nikarudisha 287,500. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimechukua kiasi hichohicho kwa wakopeshaji wa kausha damu mjini, nikatakiwa kurudisha 325,000 ndani ya mwezi mmoja, na kadi yangu ya benki wakakaa nayo. Kwa aliyetoka huko, kikoba ni pumziko. Ila tusidanganyane, 5% kwa mwezi ni 60% kwa mwaka, na hakuna benki inayothubutu kubandika kiwango hicho ukutani. Wenzangu husema haidhuru, riba tunajilipa wenyewe. Nami nilisema hivyo mpaka siku nilipokaa na kalamu.

Mzunguko ule wa kwanza tulinunua hisa 3,900 kwa jumla, sawa na 7,800,000. Siku ya mgao mezani palikuwa na 10,140,000, kila hisa ya 2,000 imekuwa 2,600. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa na hisa 150, nikaondoka na 390,000, faida 90,000, ukitoa riba niliyolipa inabaki 52,500. Mwalimu wetu, mwenye mshahara, alinunua hisa tano kila Jumatano kwa vikao 48. Hisa 240. Hakukopa hata senti, akaondoka na faida ya 144,000. Kuna mama jirani yangu anayeuza mboga, alinunua hisa moja moja, 48. Faida yake ilikuwa 28,800. Lakini alikopa mara mbili, 100,000 kila mara kwa miezi mitatu, na riba yake jumla ni 30,000. Ametoka na upungufu wa 1,200. Kwa hiyo, ndiyo, riba tunajilipa wenyewe, ila wengine wanalipa zaidi na wengine wanapokea zaidi, na ukitazama vizuri inapanda kutoka kwa muuza mboga kwenda kwa mwalimu.

Nilimwonyesha yule mama karatasi yangu nikidhani atakasirika. Akaniuliza, "Hiyo laki moja ya kwanza ningeipata wapi pengine?" Alinunulia mbegu, dumu na banda la vibao pale sokoni. Nikakunja karatasi. Ila sijaitupa.

Kasoro kubwa zaidi kwangu ilikuwa muda. Mkopo ulikuwa wa miezi mitatu, nyanya hazijui habari hiyo. Kitalu wiki tatu hadi nne, kuhamisha miche, kisha siku kama 75 ndipo uanze kuchuma, na hapo kantangaze hajapita. Asiyemjua kantangaze ni yule mdudu anayechimba majani mpaka yakabaki kama karatasi iliyoungua, halafu anaingia kwenye tunda lenyewe. Mwaka ule nilipulizia dawa kila wiki, na dawa ilikula karibu nusu ya mkopo. Tarehe ya kurudisha ilifika nyanya zangu zikiwa kijani. Nililipa kwa kuuza mahindi ya chakula, debe baada ya debe, nikayanunua tena Januari kwa bei ya kulia. Nilipoanza kuvuna, tenga la kwanza nililiuza 28,000. Wiki tatu baadaye bonde zima limeiva, vinyungu, bustani zetu za bondeni, vyote vyekundu, tenga lile lile 7,000, na mnunuzi anataka rumbesa juu yake.

Hapa nawaambia wanaodhani kikoba kitamwondoa mwanamke kwenye umaskini peke yake: sanduku halina uwezo juu ya bei. Wala juu ya mvua. Kinachowezekana ni kubadili masharti, na sisi tulibadili. Mzunguko wa pili tuliandika kwenye katiba kwamba mkopo wa kilimo ni miezi minne, na riba inalipwa kila mwezi lakini mtaji mwishoni. Hatukuomba ruhusa kwa mtu. Tulinyoosha mikono, 21 wakakubali, kesho yake ikawa sheria. Jaribu kufanya hivyo benki.

Kuhusu nyumbani. Baba watoto mwanzoni aliita kikao chetu "bunge la umbea". Hakunikataza, tuseme ukweli, lakini kila Jumatano palitokea kazi ya ghafla: mbuzi hawajanyweshwa, mgeni anakuja, shati halina kifungo. Nilichogundua ni kwamba pesa iliyomo ndani ya nyumba ina wenyewe wengi. Ukiificha kwenye unga, mtoto ataumwa. Ukiificha chini ya godoro, shemeji atakuja na shida. Na mume si mtu mbaya, ila akijua ipo, pombe ya ulanzi nayo inajua ipo. Kikoba ni mahali pa kuficha pesa panapojulikana na kijiji kizima. Nikiulizwa nasema iko sandukuni, nendeni mkawaombe wenye funguo. Hakuna anayekwenda.

Mwaka wa pili, baada ya kuona 390,000 mezani (nilizihesabu mbele yake, noti kwa noti, kwa makusudi), alianza kuniuliza Jumanne usiku kama nina za hisa. Sasa mara nyingine ananipa yeye elfu nne, anataka nyota mbili ziwe "za kwake". Daftari lina jina langu.

Wanaume wanne tulionao si tatizo, wawili ni wajane wanaojua shida ya jiko. Lakini mwaka wa kwanza, wanawake 24 tulimchagua mwanaume kuwa mwenyekiti, tena kwa kura za siri, kwa hoja kwamba "anajua kuongea". Alijua kweli. Kikao cha saa moja na nusu kikawa cha saa tatu. Mzunguko wa pili tukamchagua mama mmoja mkali, mwenye maneno machache, tukaanza kufika nyumbani kabla ya giza.

Na kuna hili la salio, ambalo limetoka nje ya kikao bila sisi kupanga. Kwa sheria mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Wanawake tulikuwa tunakwenda, tunakaa upande wa jua, tunanyonyesha, tunarudi. Mwaka juzi uliposomwa muhtasari, ikatajwa michango ya bomba la maji, na kabla hawajahamia ajenda nyingine mama mmoja wa kikoba, namba 6, akasimama akauliza, "Salio?" Neno hilo moja tu. Kimya. Akaongeza kwamba haulizi kwa ubaya, ni mazoea, kwetu hatufungi kikao kabla ya salio. Lilichukua mikutano miwili kupatikana, lakini lilisomwa, kwa sauti, mara mbili kama tunavyofanya sisi. Kwenye uchaguzi wa 2024 wanawake watatu wa kikundi waliingia halmashauri ya kijiji. Sheria inataka wanawake wasipungue robo ya wajumbe, na zamani robo hiyo ilijazwa kwa kuokoteza majina siku ya mwisho.

Ardhi nayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kumiliki, na baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba linatakiwa liwe na wanawake watatu. Ipo kwenye karatasi siku nyingi. Ila hati ya kimila inataka upimiwe, uitishe majirani wa mipaka, ulipie hiki na kile, upande gari kwenda wilayani na kurudi. Wanne wetu walitumia mgao wa 2023 kwa kazi hiyo. Mmoja alikuwa mjane ambaye shemeji zake walikuwa wanasogeza jiwe la mpaka kila masika, hatua moja moja, kama vile shamba linatembea. Hati yake ameipeleka kulaminishwa mjini, ameitundika sebuleni pale ambapo watu huweka picha ya harusi.

Mkopo wa halmashauri ya wilaya nitaupitia haraka, maana hadithi yake ni ndefu kuliko faida yake kwetu. Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ili kukaribia huko lazima kikundi kisajiliwe, na kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikoba navyo vinatakiwa kusajiliwa, vinawekwa daraja la nne. Tulisajiliwa, si kazi ngumu ukiwa na katiba na muhtasari. Lakini wanaume wetu wanne hawawezi kuwemo kwenye kikundi cha wanawake, ikabidi baadhi yetu tujiunde pembeni kwa ajili ya maombi. Tukaomba mapema 2023, Aprili mikopo ikasitishwa nchi nzima. Ilivyorudi 2024 tukaomba tena. Nauli za kufuatilia zimeshafika 64,000. Tungenunua hisa 32.

Nilitaka kuliacha hili, lakini ningekuwa nafanya tangazo badala ya tathmini.

Mzunguko wa pili, mwezi wa saba, namba 19 alikopa 400,000. Kwenye kikao alisema ni za kuongezea mtaji wa genge. Sote tulijua ni za mume wake, za kutanguliza kwenye pikipiki ya bodaboda, na hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa mmoja wa wadhamini watatu. Pikipiki ilikuja, ikafanya kazi wiki sita, halafu ikaondoka na mume kwenda Dar es Salaam. Simu ikabadilishwa namba. Akiba yake ilifyekwa kufidia sehemu, pakabaki deni, na katiba yetu ilisema wazi: wadhamini walipe au wakachukue mali.

Tulikwenda asubuhi, wanawake watatu tunaomwita dada. Tulichukua godoro, redio ya sola na mbuzi jike. Hakupiga kelele. Mbuzi alimfungua kamba yeye mwenyewe, akanikabidhi, akasema, "Huyo anakula pumba. Msimpe majani yenye umande, atavimba tumbo." Nilitembea na yule mbuzi kutoka kwake mpaka kwangu, kama dakika ishirini, na kila niliyepishana naye alinisalimia "kamwene" nikashindwa kuitikia vizuri.

Usiku ule ndiyo nilielewa dhamana yetu inatoka wapi. Benki inachukua hati ya nyumba. Sisi tunachukua uso wa mtu. Kinachofanya marejesho yetu yawe mazuri kuliko ya taasisi nyingi ni kwamba mdaiwa atakutana nasi bombani kesho, na keshokutwa, na kanisani. Wanaoandika ripoti huita huo mshikamano. Uko, nimeuona kwenye misiba. Lakini una ukingo, na ukingo wake unakata.

Kikao kilichofuata kilikuwa kizito. Namba 19 hakuja. Bibi wa ukili ndiye aliyeanza, akauliza kama kwenye bango kitita la yule dada palikuwa na ukurasa wa kuchukua godoro la mtu. Tukabadili katiba siku ile ile: hakuna kuchukua kitanda, godoro, jiko wala mbegu. Mkopo unaozidi 200,000 lazima aulizwe nani atautumia, na akisema ni mume, mume aje kikaoni aseme mwenyewe mbele ya watu 28. Tangu hapo waume wanne wamekuja, wawili wakaghairi mlangoni. Deni lililobaki tukaligawana, wadhamini nusu, kikundi nusu. Godoro tukarudisha. Redio ilikuwa imeshauzwa. Mbuzi alikuwa amezaa kwangu, mapacha, na ukazuka mjadala wa nusu saa kwamba watoto ni wa nani, wa aliyemlisha au wa mwenye mama. Nilisimama nikasema ni wa mwenye mama, niwapeleke leo, na mjadala ufungwe kabla hatujapigana faini. Alipokea mbuzi wote watatu. Chai hakunikaribisha.

Kwa hiyo nikiulizwa na ndugu yangu wa kijiji kingine kama ajiunge, nasema ajiunge, lakini na watu anaoweza kuwadai na wanaoweza kumdai wakabaki majirani. Wasizidi 30. Asikubali kikundi ambacho kiongozi ana ufunguo, au kinachohamisha fedha kwenye mzunguko unaofuata bila kugawana hata mara moja kwa mwaka. Mgao ndiyo ukaguzi wenyewe, siku hiyo kila shilingi lazima ionekane mezani. Vikundi vya mjini vinaweka fedha kwenye simu, naona wanavipenda. Kwetu mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja, na sitaki kuhesabiwa akiba yangu nikiwa nimesimama kwenye kichuguu. Na asikope kwa ajili ya kitu kitakachoondoka na mtu.

Kama ni nyota, na tunazo za kutosha kwenye daftari, natoa nne kwa tano. Ile moja ninaizuia kwa ajili ya hesabu ya muuza mboga, ambayo bado hatujaitafutia dawa. Nimependekeza riba ishuke hadi 3%. Waliopinga ni wale wa nyota tano kila wiki, kwa adabu kabisa.

Wao nao wana pendekezo lao: hisa ipande kutoka 2,000 hadi 5,000, kwa kuwa maisha yamepanda na sanduku linatakiwa likue. Tunapiga kura Jumatano ijayo. Mwaka huu namba 19 ina mtu tena, ni binti yake, ana miaka ishirini, anachuma nyanya za watu kwa kibarua. Ananunua hisa moja moja, na akihesabu pesa yake bakulini anaihesabu kwa sauti kubwa kuliko sisi wote.